Mbogi Inapanga Kuenda Kereita na Baiskeli Wikendi? Soma Hii Kwanza Kabla Ushuke Ule Mteremko

Siku hizi kuna form imeshika Nairobi. Badala ya kuamka Jumamosi saa sita na hangova, wasee wanatoka keja alfajiri, wanarusha baiskeli nyuma ya pickup, wanashika barabara ya Nakuru mpaka Kimende, halafu wanaingia msitu wa Kereita. Picha zinakuwanga moto: ukungu, miti mirefu, matope hadi magotini. Chenye hizo picha hazionyeshi ni mteremko.

Kila mtu anayeenda mara ya kwanza huogopa kupanda. Buda, kupanda kutakuchosha tu. Uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, ukiishiwa pumzi unashuka unasukuma baiki. Hakuna mtu atakucheka. Sawa, watakucheka kidogo. Lakini kushuka hakuna kuishiwa pole pole. Mawe yanateleza, mizizi imelowa, spidi inaongezeka hata kama hujakanyaga pedali.

Shida kubwa huwa breki. Ukifunga breki, uzito wako wote unaenda mbele, kwa hivyo gurudumu la mbele ndilo linashika barabara vizuri na la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana ukitumia ya nyuma peke yake unateleza tu bila kusimama. Na ukinyonga ya mbele ghafla, umekaa kwa kiti kama uko kwa mathree, baiki inabaki nyuma na wewe unaenda kukagua miti kwa uso.

Dawa ni hii. Simama kwa pedali zikiwa levo, sogeza makalio nyuma ya kiti, legeza viwiko na magoti. Tumia breki zote mbili pole pole, na upunguze spidi kabla ya kona, si ukiwa ndani yake. Macho yaangalie mahali unataka kupita. Ukikodolea jiwe macho, utaligonga, hiyo nakuhakikishia.

Halafu, kama baiki umekodisha ama ni ya beshte, jaribu breki ukiwa bado kwa tambarare. Nyingi za kutoka Uingereza breki ya mbele iko mkono wa kulia, za Ulaya bara na Marekani iko kushoto. Hutaki kujua tofauti ukiwa katikati ya mteremko.

Sasa tuongee kuhusu mbogi yenyewe, juu hapa ndipo mambo huharibika bila mtu kuona. Wale wakali wanafika juu kwanza. Wanakaa chini, wanakula ndizi, wanapiga selfie, dakika kumi zinaisha. Msee wa mwisho anatokea akihema kama mbuzi wa Krisi. Mara tu akifika, utasikia, "Haya, tuko wote, twende!" Umeona hiyo? Wenye hawajachoka wamepumzika dakika kumi, mwenye amechoka amepumzika sufuri. Rudia hivyo mara tano, na kwa mteremko wa mwisho vidole vyake vimeisha nguvu ya kushika breki. Akianguka mtasema hajui kuendesha, na ukweli ni kwamba mlimmaliza nyinyi.

So mapumziko yahesabiwe kutoka wakati mtu wa mwisho amefika. Kuwe na kiongozi mbele anayejua njia, na msee mwingine mwenye uzoefu anayekaa nyuma kabisa, mwenye pampu na tyubu ya ziada. Kila njia panda, mtu asimame hadi aonwe na anayemfuata. Mtandao wa simu si wa kutegemea ndani ya miti, kwa hivyo "tutapigiana" si mpango. Pia achianeni nafasi mkishuka, mmoja akianguka asivutie wengine watatu.

Kereita iko upande wa kusini wa Aberdare, na Aberdare kuna ndovu, kwa hivyo sikiza watu wa msitu wakikuambia njia fulani leo haipitiki. Lipa kwa geti, usijifanye mjanja wa kupitia kichakani. Mwezi wa saba baridi ya huko haina huruma, beba jaketi ya upepo. Helmeti hata tusijadiliane. Mtu akigonga kichwa na aanze kuongea vitu hazieleweki, haendeshi tena hiyo siku, hata akisema yuko fiti. Hospitali ya Kijabe haiko mbali, wekeni namba yake kwa simu mkiwa bado Nairobi.

Kama hujawahi kabisa, anzia Karura. Ni hekta 1,041 za msitu katikati ya jiji, njia zake ni pole, na kuna baiskeli za kukodisha. (Ukipita huko kumbuka Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka wa 1999 wakiukinga usigawiwe wajenzi. Saa hii ungekuwa unaendesha kwa parking ya mtu.)

Kama ni Kereita umeamua, kabla utume doo kwa M-Pesa uliza mwenye kupanga swali moja: nani anakaa nyuma? Akikujibu "tutajipanga tukifika huko", shikilia doo yako. Tafuta mbogi ingine.