Askofu Edward Steere na Lugha za Bara

Walimu wa Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu hufundisha kwa Kiswahili, na watoto waketio mbele yao wametoka nyumbani na Kisukuma. Kiswahili hicho, kwa habari ya maandishi yake, kimepita mkononi mwa mtu mmoja asiyefika kamwe Usukuma. Mtu huyo ni Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Yafaa mwalimu ajue habari zake, kwa kuwa hata leo twaandika kama alivyoandika yeye.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1850, lakini kazi hiyo haikumtuliza moyo. Akaiacha, akapewa ushemasi mwaka 1856. Baadaye alitumika katika vijiji vya Lincolnshire. Jimbo la Lincoln lilikwisha kuwa na askofu mpenda lugha tangu zamani: Robert Grosseteste, aliyelitawala toka 1235 hata 1253, alijifunza Kiyunani katika utu uzima wake na kufasiri vitabu vya Aristotle kwa Kilatini. Steere asingependa kulinganishwa na mkuu kama huyo, lakini tabia ni ile ile, ya mtu asiyeona haya kurudi kuwa mwanafunzi akiwa mtu mzima.

Jirani yake huko alikuwa padri William Tozer. Tozer alipofanywa Askofu mwaka 1863, Steere alifuatana naye kwenda Zambezi, akidhani atarudi upesi. Walikaa mlima Morambala, wakaona mahali hapafai, na mwaka 1864 wakahamia Unguja. Hapo ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza.

Kabla yake Krapf wa Mombasa alikwisha kupiga chapa sarufi ya lugha hii, mwaka 1850, akiiita «Kisuaheli». Steere alishika usemi wa Unguja, akaweka kanuni nyepesi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, na vokali kama za Kiitalia. Wataalamu wa herufi wangaliweza kutunga kanuni ya hila zaidi, lakini hii mtoto aliweza kuishika kwa siku chache, na mpiga chapa hakuhitaji herufi za namna ya pekee. Tena Steere alijua taabu za mpiga chapa, maana kiwanda cha misheni kilikuwa chini ya mkono wake. Mwaka 1867 alitoa Hadithi za Kiingereza, ndizo visa vya Shakespeare vilivyofupishwa na Lamb. Na mwaka 1870, akiwa Uingereza, alitoa kitabu chake kikubwa cha sarufi pamoja na mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Katika mkusanyo huo zimo Sultani Darai na Punda wa Dobi, nazo aliziandika kama zilivyosimuliwa na wenyeji. Kwa maoni yangu hilo lapita sarufi yake kwa thamani: sarufi imekwisha kusahihishwa mara nyingi, bali maneno ya wasimulizi hayasahihishiki.

Alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa, na siku ya Krismasi 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale pale. Aliwekwa kuwa Askofu mwaka 1874. Dari la kanisa lilifanywa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, na watu wengi walingojea lianguke, halikuanguka. Mwaka 1876 aliongoza watu waliokombolewa utumwani kuelekea Nyasa, nao wakakaa Masasi. Mwaka 1879 alimpa John Swedi daraja ya ushemasi. Swedi alikuwa mmoja wa watoto watano waliotolewa na Sultani Majid kwa Tozer. Steere alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa katika kanisa lake nyuma ya altare.

Sasa tuje kwetu. Steere alikusanya pia maneno ya Kishambala (1867), ya Kiyao (1871), ya Kimakonde (1876), na ya Kinyamwezi cha Unyanyembe. Unyanyembe hakufika, basi ilimpasa kuwategemea watu wa bara waliofika pwani. Kinyamwezi na Kisukuma ni ndugu wa karibu mno, na hata jina «Wasukuma» maana yake ni watu wa kaskazini, kwa kinywa cha hao ndugu zao. Kwa hiyo, katika vitabu vya zamani vya lugha za bara, kile kimo karibu na mlango wetu.

Lakini kipimo cha Unguja hakitoshi huku. Kiswahili kina vokali tano, Kisukuma kina saba. Ndiyo sababu wanaoandika Kisukuma kwa uangalifu huongeza alama kwenye i na u. Ziko na konsonanti. Kiswahili chasema tatu, Kisukuma idatu. Meinhof alieleza jambo hili mwaka 1903, akaliita kwa jina la Dahl, mmisionari aliyekaa Unyamwezi: konsonanti ngumu hulainika ikiwa silabi ifuatayo yaanza kwa konsonanti ngumu nyingine. Ndiyo maana tano haikugeuka, bali ni itano, kwa kuwa n si ngumu. Mwalimu asiyejua haya humwambia mtoto asemaye «datu» kwamba ana ulimi mzito, na wenzake humcheka. Mtoto huyo hana ulimi mzito hata kidogo; ameshika kanuni ya lugha ya mama yake barabara, na lililobaki ni kuonyeshwa kwamba Kiswahili hakina kanuni hiyo. Dakika tano ubaoni, itano na idatu zikiandikwa kando ya tano na tatu, zatosha.