Nyumba ya Mstaafu wa Tunduma: Inaweza Kumlisha Bila Kuuzwa?

Anayeingia Tunduma kwa barabara kuu ya kutoka Mbeya hulakiwa na malori. Yamejipanga kando ya lami, mengine na mzigo wa kwenda Zambia na Kongo, mengine yakirudi na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Nyuma ya foleni hiyo, kwenye mitaa ya Sogea, Majengo, Kaloleni na Makambini, iko mali nyingine isiyotembea: nyumba za walimu, manesi, askari na mafundi wa reli ya TAZARA, zilizojengwa mwaka hadi mwaka, mfuko wa saruji kwa mfuko wa saruji, nyingi kwa mikopo iliyokatwa kwenye mishahara. Wenye nyumba hizo sasa wamestaafu au wanahesabu miezi. Wapo wanaolala ndani ya mali ya mamilioni na asubuhi hawana hela ya dawa ya presha.

Je, nyumba inaweza kumlipa mwenyewe akiwa bado anaishi ndani yake? Kuna nchi ambako jibu ni ndiyo.

Katika mkopo wa nyumba uliozoeleka, mkopaji hulipa benki kila mwezi mpaka nyumba iwe yake kabisa. Mkopo wa nchi hizo unakwenda kinyumenyume. Mzee mwenye nyumba isiyo na deni anaiweka dhamana, na benki ndiyo inayomlipa yeye: kwa mkupuo, kwa mwezi, au kila anapohitaji. Harejeshi chochote maadamu anaishi humo. Deni na riba yake vinakua kimyakimya, na siku akifariki au akihama nyumba inauzwa, benki inachukua chake, kinachobaki ni cha warithi.

Mkopo wa kwanza wa aina hiyo unaotajwa Marekani ulitolewa mwaka 1961 mjini Portland, jimbo la Maine. Nelson Haynes, wa taasisi ya akiba na mikopo ya Deering, alimkopesha Nellie Young, mjane wa kocha aliyemfundisha mpira shuleni, ili mama huyo asiihame nyumba yake. Mwaka 1989 serikali ya shirikisho ilianza kuiwekea bima mikopo hiyo kwa wenye miaka 62 na kuendelea. Bima hiyo ndiyo moyo wa mpango mzima: deni likizidi bei ya nyumba, mfuko wa bima unabeba hasara na watoto hawadaiwi. Hata hivyo mzee anabaki na wajibu wa kulipa kodi ya jengo, kulipia bima ya moto na kuitunza nyumba. Wako Wamarekani walioshindwa hayo wakatolewa nje uzeeni.

Ufaransa wana njia yao ya zamani. Mnunuzi anamlipa mzee kiasi kila mwezi maisha yake yote, kisha nyumba inakuwa ya mnunuzi. Mwaka 1965, katika mji wa Arles, mwanasheria André-François Raffray aliingia mkataba huo na Jeanne Calment, bibi wa miaka 90, kwa faranga 2,500 kwa mwezi. Raffray alifariki mwaka 1995 bila kuipata nyumba. Bibi Calment aliishi hadi 1997, akiwa na miaka 122.

Kwa Tanzania, mkopo wa kinyumenyume haumo kwenye bidhaa za kawaida za benki, na sababu kubwa inaonekana kwa hesabu ya darasa la saba. Chukua mkopo wa shilingi milioni 10 usiorejeshwa kwa miaka 10, riba ikijumlishwa kwenye deni kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 5, deni linafika kama milioni 16.3. Kwa asilimia 15, linafika milioni 40 na ushei. Riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19. Kwa riba hiyo mzee wa miaka 65 atakayejaliwa kufika 80 atakuwa ameila nyumba yote, msingi hadi bati, na hakuna mfuko wa bima wa kuwaokoa warithi wake.

Isitoshe, mikopo ya nyumba iliyopo imepangwa kwa mtu mwenye mshahara. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo hiyo, na kampuni ya TMRC iliyoanzishwa 2010 kuzipatia benki fedha za muda mrefu, viliisukuma mbele biashara hii kwa anayeanza maisha. Kwa kawaida benki hutaka mkopaji awe amemaliza kulipa kabla mshahara haujakoma. Miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, ndiyo inayomfungia mzee mlango.

Kisha kuna suala la karatasi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi hupewa hati ya kuimiliki kwa miaka 33, 66 au 99. Nyumba ngapi za Tunduma zina hati hiyo, na ngapi zimesimama kwa karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa? Mji umekua kwa kasi ya ajabu. Katika sensa ya 2012 ulikuwa na watu chini ya 100,000. Sensa ya 2022 iliukuta na zaidi ya 200,000. Watu walijenga kwanza, ramani ikawafuata nyuma. Na ajabu ni kwamba jirani yao, Wilaya ya Mbozi, ndiyo iliyotumika kwa majaribio ya kutekeleza Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hivyo wapo wakulima wa kahawa waliopata hati za kimila kabla ya watu wengi wa mjini kupata hati zao.

Mpaka na Zambia nao una lake. Mfanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, au wa Lubumbashi kule Kongo anaweza kuwa na fedha kuliko jirani wa mtaani, lakini Sheria ya Ardhi haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Anaweza kupanga; kununua nyumba ya mzee ili aishi, hapana. Mwenye kuthamini nyumba ya Tunduma lazima alijue hilo.

Kwa hiyo mstaafu wa hapa anaishi na nini? Kwa aliyekuwa mtumishi wa umma, ipo pensheni ya PSSSF, mfuko uliozaliwa 2018 kwa kuunganisha mifuko minne. Kikokotoo, yaani kanuni ya kugawa mafao kati ya mkupuo na malipo ya kila mwezi, kimewatia watu wengi jasho. Kile cha mwaka 2018, cha mkupuo wa asilimia 25, kilizua kilio mpaka Rais Magufuli akakisitisha Desemba mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakilipwa nusu nzima zamani, na 35 kwa wale wa asilimia 25. Mkupuo ukipungua, kinachobaki cha kila mwezi kinaongezeka. Lakini ujenzi wa uzeeni hufanywa kwa mkupuo, na ndiyo maana watu walilia.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi, mama wa duka la vitenge karibu na kizuizi cha mpakani, fundi gereji wa Mpemba: hao hawana kikokotoo. Kwao nyumba ndiyo pensheni yote.

Na nyumba hiyo hulipa kwa vyumba. Ingia kwenye ua wa kawaida wa Tunduma. Mbele iko nyumba kubwa ya vyumba vitatu na sebule. Nyuma kuna banda refu la vyumba vinne, kila kimoja na mlango wake na pazia lake, madumu ya maji yamepangwa ukutani kwa kuwa maji ni shida sugu ya mji huu, na mita moja ya LUKU ambayo kila mwisho wa mwezi huleta maneno juu ya nani kapika kwa umeme. Wapangaji ni makuli, mawakala wa forodha, wauza simu, utingo. Tuseme kila chumba ni shilingi 50,000: hiyo ni 200,000 kwa mwezi bila deni lolote. Wapo wazee wanaokwenda mbali zaidi: wanahamia wenyewe banda la uani na kuipangisha nyumba kubwa, au wanarudi kijijini Ileje na kumwachia mtoto kazi ya kukusanya kodi. Vwawa nako, tangu Songwe ilipokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na mji huo kuwa makao makuu ya mkoa, watumishi wa serikali wanahitaji pa kulala.

Kupangisha kuna gharama zake. Choo hujaa, bati huvuja, mpangaji huondoka usiku na deni la miezi miwili, na mapato ya pango yanatozwa kodi. Upande wa kodi ya majengo, ambayo kwa nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU, sheria inamsamehe mwenye miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi mwenyewe. Aende Mamlaka ya Mapato (TRA) akaombe, maana mita haijui umri wa mtu.

Tena ule mkopo wa kinyumenyume haukwamishwi na riba na karatasi tu; desturi nayo imo. India iliujaribu mwaka 2007 kupitia Benki ya Taifa ya Nyumba. Wateja wakawa wachache, na sababu mojawapo ni ile ambayo wenyeji wa hapa, Mnyiha na Mnyamwanga, wangeitoa bila kufikiri: nyumba ya baba ni ya watoto. Lakini desturi hiyohiyo inayomkinga mzee na deni lake mwenyewe humtumbukiza kwenye deni la mwingine. Kijana anataka mtaji, benki inataka dhamana, na hati iko kabatini kwa baba. Mzee anasaini kwa mapenzi. Biashara ikiyumba, sheria inampa mdaiwa notisi ya siku 60 kabla hatua za kuuza hazijaanza, na siku 60 hazimtoshi mtu anayeishi kwa kodi ya vyumba vinne.

Hapa sheria ina meno, na kila mwenye ndoa ayajue. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi anayeishi humo. Sheria ya Ardhi inasema hivyo, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwenza mmoja kuiuza au kuiweka rehani kwa siri. Na benki ikiiuza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mwenye nyumba ana hoja nzito ya kupeleka mahakamani.

Mstaafu mwenye shida ya haraka ana mlango mwingine ambao hauigusi nyumba: mkopo wa wastaafu. Benki ya TCB, iliyokuwa Benki ya Posta, ni miongoni mwa zinazokopesha kwa dhamana ya pensheni yenyewe. Riba ipo na makato yanauma, ila akishindwa hafukuzwi kwake. Kati ya mkopo huo na wale wakopeshaji wa mitaani wanaochukua hati na kuomba sahihi kwenye karatasi tupu, chaguo halina mjadala.

Kwa anayestaafu mwakani au mwaka kesho kutwa, kazi ianze sasa, mshahara ungali unaingia. Aende idara ya ardhi ya halmashauri akajue kiwanja chake kimepimwa au la, na alipie hati. Jina la mwenzi wake liwemo. Aandike wosia; RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi. Amalizie banda la uani kwa mshahara, kiinua mgongo kisubiri matibabu na dharura. Na mtu yeyote akija na fomu, awe mgeni au mwanawe wa kumzaa, isisainiwe mpaka msaidizi wa kisheria ameisoma mstari kwa mstari.