Kompyuta Inapouliza Neno la Siri Tena na Tena



Jumamosi moja tulikuwa kwenye utume katika parokia iliyo upande wa Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Tulimkuta mama katibu wa ofisi amekata tamaa. Barazani walikuwa wameketi wachumba wawili wakisubiri cheti cha ubatizo kilichotumwa kwa barua pepe kutoka parokia nyingine, na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na kidirisha kinachodai neno la siri. Akiandika, kinakataa. Akikifunga, kinarudi.

“Mafrateri, hii mashine ina nini? Neno hili ndilo ninaloingilia kila asubuhi. Sasa inaniuliza kama haijawahi kuniona!”

Tatizo hilo limetusumbua hata sisi katika chumba chetu cha kompyuta hapa Morogoro. Kwa kuwa zipo parokia na shule zinazotumia Linux, hasa Ubuntu, ambayo hailipiwi na hufanya kazi hata kwenye mashine zilizozeeka, tumeona tulieleze hapa kwa faida ya wengi.

Kidirisha hicho kinatoka wapi?

Ndani ya kompyuta ya Linux kuna programu inayotunza maneno yako ya siri: ya barua pepe, ya mtandao, na ule ufunguo ambao kivinjari kama Chrome hutumia kulinda maneno uliyoyahifadhi humo. Kwenye Ubuntu programu hiyo huitwa GNOME Keyring. Kwenye mashine zinazotumia mazingira ya KDE huitwa KWallet. Tuifananishe na kasha lenye kufuli. Vilivyomo vimefichwa kwa hesabu za siri, na kasha lina neno lake la kulifungulia.

Kwa kawaida huoni lolote. Asubuhi unapoandika neno la kuingilia, mfumo unalichukua neno hilo hilo na kulijaribu kwenye kasha. Yakilingana, kasha linafunguka kimya kimya. Yasipolingana, au kama hukuandika neno lolote, kasha linabaki limefungwa. Hapo kila programu inayohitaji kitu ndani yake inabisha hodi: kivinjari kwanza, kisha barua pepe, kisha mtandao. Ndiyo maana ukikifunga kidirisha kinarudi. Anayeuliza mara ya pili huenda si yule wa kwanza.

Sababu ni tofauti, na dawa ni tofauti

Katika somo la mantiki tumefundishwa kwamba tokeo moja laweza kuwa na sababu nyingi, na anayekimbilia dawa kabla ya kuijua sababu hukosea. Sababu za kawaida ni hizi.

Kwanza, kompyuta imewekwa iingie yenyewe bila kuuliza neno. Hili ndilo lililokuwa letu: mashine moja, watumiaji wengi, mtu akaona ni usumbufu kuandika neno kila mara. Lakini pasipo neno, mfumo hauna cha kufungulia kasha. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaoingia kwa alama ya kidole. Dawa ni kuondoa mpango huo kwenye sehemu ya watumiaji katika mipangilio, na kumfungulia kila mtu akaunti yake.

Pili, neno la kuingilia limebadilishwa na mwingine. Ukilibadilisha mwenyewe kwa njia ya kawaida, kasha nalo hupokea neno jipya, kwa sababu unaombwa kwanza neno la zamani. Fundi akilibadilisha kwa mamlaka ya msimamizi, yeye halijui la zamani, na kasha linabaki na kufuli yake ya awali. Hilo ndilo lililompata mama katibu: aliwahi kusahau neno lake, fundi akampa jipya. Dawa ni kufungua programu ya Seahorse, ambayo kwenye menyu huitwa Passwords and Keys, kubofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya kasha liitwalo Login, kuchagua kubadilisha neno, kisha kuandika la zamani na baadaye hili la sasa.

Tatu, kwa wenye KWallet: kasha hufunguka lenyewe ikiwa tu linaitwa kdewallet, limefichwa kwa njia ya Blowfish na si GPG, na neno lake ni sawa na la kuingilia.

Njia mbili za mkato

Njia ya kwanza ni kulifuta kasha. Sisi tulifanya hivyo kwa haraka, na mwenzetu mmoja akapoteza maneno yote aliyokuwa ameyahifadhi. Kama neno la zamani limesahaulika kabisa, hakuna fundi wa kulirudisha. Lakini hata hapo, usifute. Nenda kwenye folda iliyofichwa ya .local/share/keyrings, ulipe faili la login.keyring jina jingine, kisha utoke na kuingia upya. Kasha jipya litatengenezwa, na la zamani litakungoja ukikumbuka.

Njia ya pili ni kuacha nafasi ya neno ikiwa tupu. Kidirisha kitakoma, lakini yaliyomo yatalala wazi, na yeyote atakayelishika faili hilo atayasoma. Kuna kijana alikuwa amemshauri mama katibu afanye hivyo. Tulimwomba asikubali. Katika barua pepe ya parokia mna barua za ndoa zenye matatizo, majina ya watoto, na mambo ambayo watu walimwandikia paroko wakiamini hayatatoka. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inamtaka paroko ahakikishe vitabu na nyaraka za parokia haziangukii mikononi mwa wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kabati la daftari za ubatizo hatuliachi wazi kwa sababu tu ufunguo unasumbua.

Mama katibu alifikiri kidogo, akainuka, akageuza kalenda ya mwaka uliopita iliyokuwa bado ukutani. Neno la zamani lilikuwa limeandikwa nyuma yake kwa penseli. Tulibadilisha, kidirisha kikaondoka, na wachumba wakapata cheti chao kabla ya mvua. Kisha aliichana ile kalenda mwenyewe, bila kuambiwa.