Kupakia Pikipiki na Bagi Ndani ya Trela ya Kulala

Kila inapokaribia sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, barabara za kusini mashariki mwa California hujaa pikapu kubwa zinazokokota matrela marefu kuelekea Glamis. Huko kuna vilima vya mchanga vya Imperial, vilivyotandaa zaidi ya kilomita 60 karibu na mpaka wa Mexico, na makumi ya maelfu ya watu huenda kupiga kambi na kuendesha pikipiki na bagi, yaani vigari vya kukimbia mchangani. Wengi wao huja na trela ya aina moja. Mbele ina vitanda, jiko na choo. Nyuma ina gereji, na ukuta wote wa nyuma hulazwa chini ukawa daraja la kupandishia vyombo.

Kwa familia ni raha tupu: nyumba na vyombo vya michezo husafiri pamoja. Lakini mpangilio huohuo ndio unaodai uangalifu, kwa sababu gereji kwa kawaida huenea nyuma ya ekseli. Kila kilo inayowekwa nyuma ya ekseli hukandamiza mkia na kuinua pua ya trela.

Trela inayoshikwa na mpira ulio nyuma ya gari inapaswa kuulemea mpira huo kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Trela ya kilo 4,500, basi, iulemee kwa kilo 450 hadi 675. Uzito huo ukipungua mno, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki pindi upepo unapoipiga ubavuni au lori kubwa linapoipita, na inaweza kuliburuta gari lenyewe nje ya barabara. Hali hiyo ikitokea, dereva huondoa mguu kwenye mafuta, hushika usukani bila kuuzungusha kwa pupa, na hutumia swichi ya mkono inayofunga breki za trela peke yake. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu huzidisha balaa.

Kinga huanza kwa hesabu, trela ikiwa bado uani. Nchini Marekani, kila trela ya aina hii hubandikwa karatasi ya njano karibu na mlango, ikitaja uzito wa juu wa mizigo unaoruhusiwa. Tuseme karatasi inasema kilo 1,400. Bagi mbili za kilo 650 kila moja ni kilo 1,300, na mwenye trela anaona amebakiwa na nafasi. Kisha anajaza lita 300 za maji, ambazo ni kilo 300, na lita 100 za petroli, zenye kilo 74 hivi. Tayari amezidisha kilo 274, na hajapakia chakula, viti wala vipuri. Tairi zinazobebeshwa kupita kiasi hupata joto, na kwenye lami ya jangwani joto hilo huzipasua.

Upakiaji wenyewe hufanywa mahali tambarare, trela ikiwa imefungwa kwenye gari. Ikiwa imefunguliwa, uzito wa chombo kinachopanda daraja unaweza kuinyanyua pua kwa ghafla na kuiangusha trela upande wa nyuma. Breki ya mkono huvutwa na kabari huwekwa kwenye tairi. Matope na mchanga hufagiliwa darajani, na uwezo wa daraja hulinganishwa na uzito wa chombo pamoja na dereva wake. Chombo kizito hutangulia na kusogezwa mbele kadiri gereji inavyoruhusu. Bagi hupandishwa taratibu kwa gia ndogo, au huvutwa kwa winchi bila mtu ndani. Msaidizi husimama pembeni, mahali ambapo dereva anamwona, na hakuna anayeruhusiwa kusimama nyuma ya chombo.

Baada ya hapo ni kazi ya mikanda. Bagi huhitaji mikanda minne, mmoja kila pembe, ikivuta kuelekea pande tofauti ili chombo kisisogee mbele, nyuma wala ubavuni. Pete zake ziwe zimeshikizwa kwenye chuma cha fremu ya trela, maana ubao wa sakafu peke yake hung'oka. Mkanda unaokatika kwa kilo 1,500 hutegemewa kwa kilo 500 tu, yaani theluthi moja. Pikipiki huingizwa gurudumu la mbele kwenye kishikizo, kisha mikanda huibana hadi shokapu za mbele zishuke kiasi. Zikibanwa hadi mwisho, sili zake zinaweza kuharibika na kuvuja mafuta.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, na moto wa friji au hita ya maji inayotumia gesi unaweza kuulipua. Moshi wa injini nao una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Kwa hiyo injini haipashwi moto ndani ya gereji. Koki za mafuta hufungwa, na matangi hayajazwi hadi ukingoni, kwa kuwa petroli hutanuka kwenye joto. Trela nyingi zina vitanda vinavyoshushwa kutoka darini mwa gereji. Kabla mtoto hajalala hapo, vyombo na madumu ya mafuta hutolewa nje, madirisha hufunguliwa hadi harufu iishe kabisa, na ving'ora vya kutambua gesi hujaribiwa.

Baada ya kilomita chache za kwanza barabarani, dereva makini husimama na kukaza mikanda upya, kwani mtikisiko huilegeza. Safari ya kurudi ina hesabu yake. Tangi la maji safi ni tupu, matangi ya maji machafu yamejaa, petroli imepungua, na uzito umehama mahali pake. Vituo vingi vya malori Marekani vina mizani ya kulipia inayopima ekseli za gari na za trela kila moja peke yake. Mwenye trela anayepita hapo wakati wa kwenda na wakati wa kurudi huanza safari ya mwendo wa kasi akijua ekseli za gari na za trela zimebeba kilo ngapi.