Je, Wajua? Mchekeshaji Aliyeandika Ugonjwa Wake

Je, wajua kwamba Matthew Perry, aliyewachekesha watu kwa miaka kumi akiwa Chandler wa tamthilia ya Friends, hakupenda kuitazama tamthilia hiyo? Alisema kila akijiona kwenye runinga, anachoona ni alichokuwa anatumia wakati ule. Akiwa amenenepa, ni pombe. Akiwa amekonda, ni vidonge. Akiwa na ndevu za kidevuni, basi ni vidonge vingi. Katika utu uzima wake uzito ulipanda na kushuka kati ya kilo 58 na kilo 102, na sisi tuliokuwa sebuleni tukicheka tulidhani ni mwigizaji anayebadilisha mwonekano.

Hayo aliyaeleza mwenyewe, mengi yake katika tawasifu iliyotoka tarehe 1 Novemba 2022 kwa jina Friends, Lovers, and the Big Terrible Thing. Kitabu kilishika namba moja kwenye orodha ya New York Times, na wasomaji wakagawanyika. Wapo waliosema hawajawahi kusoma mtu maarufu aliyejianika hivyo bila kujipamba. Wapo waliochoka njiani: hadithi inaruka miaka, inarudi nyuma, anaacha, anaanza, anaacha tena, hadi unapoteza hesabu. Nawaelewa hawa wa pili, ila nadhani wanakilaumu kitabu kwa kusema kweli. Aliyewahi kuishi na ndugu mraibu anaujua mzunguko huo: vitu vinaanza kupotea ndani, kikao cha familia, ahadi, soba hausi, miezi michache ya furaha, halafu siku moja simu haipokelewi. Kitabu kilichonyooka kingekuwa cha ugonjwa mwingine.

Je, wajua vidonge hivyo vilianzia wapi? Havikuanzia kichochoroni. Alipokuwa akiigiza filamu ya Fools Rush In alipata ajali ya pikipiki ya majini, akapewa Vicodin ya kutuliza maumivu. Pombe alikuwa ameshaianza tangu ana miaka 14, lakini kidonge hiki kilimshika kwa namna ya pekee. Baadaye akawa anameza 55 kwa siku. Mtu akifika hapo hatafuti raha tena, anakimbia arosto: jasho, kutapika, mifupa kuuma. Na vidonge 55 havipatikani kwa daktari mmoja. Perry alisingizia kipandauso kwa madaktari kadhaa kwa wakati mmoja. Siku za Jumapili alikwenda kwenye nyumba zinazouzwa, zile zinazofunguliwa ili wanunuzi wazikague. Akishaingia anaelekea bafuni, anafungua kikabati cha dawa cha wenye nyumba, anachukua anachokihitaji na kuondoka. Aliamini hakuna atakayemshuku Chandler kwa wizi wa vidonge. Katika yote niliyoyasoma kuhusu maisha yake, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu hapo umaarufu uliacha kuwa mzigo tu ukawa chombo cha ugonjwa.

Je, wajua kwamba mwaka 2001, alipomaliza kurekodi harusi ya Chandler na mhusika mwenzake Monica katika Friends, bwana harusi alirudishwa moja kwa moja kwenye kituo cha matibabu ya uraibu?

Kuna sehemu ya kitabu ambayo nadhani haina ubishi, nayo ni ile ya utumbo. Dawa za jamii ya afyuni, kama Vicodin, hupunguza mwendo wa matumbo. Choo kinakuwa kigumu, na kwa mtumiaji wa miaka mingi kinaweza kuziba kabisa. Mwaka 2018, akiwa na miaka 49, utumbo mpana wa Perry ulipasuka. Familia yake iliambiwa ana asilimia 2 tu ya kuiona asubuhi. Alikaa wiki mbili bila fahamu, miezi mitano hospitalini, na miezi tisa akitembea na mfuko wa kinyesi tumboni. Mshauri wake alimwambia kwamba kila atakapoitamani OxyContin, dawa nyingine ya jamii hiyo, aufikirie mfuko huo ukibaki naye maisha yake yote. Kwa maelezo yake mwenyewe, hamu ya dawa hiyo iliisha hapo. Vitisho vya kifo havikuwa vimefua dafu, mfuko ukaweza. Wanaowahudumia waraibu wana la kujifunza kwenye ukurasa huo.

Kitabu kilipata lawama pia. Wasomaji waliokasirishwa na maneno yake kuhusu mwigizaji Keanu Reeves walikuwa na haki. Perry aliandika kana kwamba anasikitika Reeves bado yu hai ilhali waigizaji wengine wenye vipaji wamekufa. Aliomba radhi, na jina hilo likaondolewa katika matoleo ya baadaye.

Lawama nyingine ilihusu fedha. Katika misimu miwili ya mwisho ya Friends alilipwa dola milioni 1 kwa kila sehemu, na alikadiria ametumia karibu dola milioni 9 kutafuta kuacha. Alisafishwa mwili mara 65 na kulazwa kwenye vituo vya matibabu mara 15. Msomaji asiyeweza kulipia hata wiki moja ya soba hausi ana sababu ya kuguna. Lakini zisome hesabu hizo upande wa pili: fedha ileile iliyomfungulia hospitali ilimfungulia pia mlango wa kila muuzaji.

Perry alifariki tarehe 28 Oktoba 2023, nyumbani kwake Los Angeles, akiwa na miaka 54. Uchunguzi ulitaja ketamini, dawa ya usingizi, kuwa chanzo kikuu. Agosti 2024 watu watano walishtakiwa kuhusiana na ketamini hiyo, wakiwemo madaktari wawili na msaidizi wake wa nyumbani. Nyaraka za mashtaka zilionyesha kwamba mwezi mmoja kabla ya kifo hicho daktari mmoja alimwandikia mwenzake ujumbe wa simu, akijiuliza huyu mpumbavu, yaani Perry, atakubali kulipa kiasi gani. Wote watano walikiri makosa.