Mitishamba ya sungura Juba: biashara ipo, lakini pima unachouza

JUBA. Barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule ndiyo inayouletea mji wa Juba sehemu kubwa ya unga, mayai na bidhaa nyingine kutoka Uganda. Mfugaji wa sungura anayenunua chakula kilichopita njia hiyo hulipia pia mafuta ya lori na kupanda kwa dola. Ndiyo maana majani yanayoota karibu, kama mlonge, mwarobaini na kishonanguo, yana thamani kwake, na anayetaka kumuuzia unga wa mitishamba ana soko.

Lakini sungura si kuku. Majani anayokula humeng'enywa na vijidudu vinavyoishi katika sehemu pana ya utumbo wake, na hula tena kinyesi chake laini ili kupata virutubisho vilivyobaki. Vijidudu hivyo vikivurugwa, huharisha na kufa. Amoksilini au penisilini ya kumeza, ambayo ni rahisi kuipata dukani, inaweza kumuua badala ya kumponya.

Hapo ndipo mitishamba inapoingia. Tangu Januari 1, 2006, Umoja wa Ulaya umepiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo, na watafiti wengi wakageukia mimea. Majani makavu ya mlonge yana protini inayokaribia robo ya uzito wake. Kishonanguo, ambacho wafugaji wa Afrika Mashariki wamewalisha sungura kwa muda mrefu, kimefanyiwa majaribio kwa kuku nchini Taiwan na kupunguza koksidiosi. Ugonjwa huo huwaua pia watoto wa sungura, hasa baada ya kuachishwa kunyonya.

Matokeo ya kuku hayatoshi kumwahidi mfugaji wa sungura tiba. Kipimo nacho ni muhimu: mwarobaini ukizidi unaweza kudhoofisha uzazi, na kitunguu saumu kingi huharibu chembe nyekundu za damu. Tena hakuna jani linalochukua nafasi ya banda kavu, kwa kuwa vimelea vya koksidiosi husambaa kupitia kinyesi na hustawi penye unyevu.

Kwa mfanyabiashara, hatari kubwa zaidi ni ukungu. Mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalizuiliwa upande wa Sudan Kusini kwa madai ya sumukuvu. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika haraka kwa sumu hiyo. Majani yaliyofungwa kwenye gunia yakiwa mabichi yanaweza kuota ukungu kabla ya kufika Konyo Konyo.

Kausha majani kivulini, juu ya turubai na si ardhini, hadi yavunjike mkononi. Andika jina la mmea, mahali ulikovunwa na tarehe. Kwa mzigo mdogo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, usiozidi dola 2,000, upo utaratibu wa cheti rahisi cha asili. Hata hivyo, cheti hicho hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, hivyo ulizia mpakani kabla ya kupakia.

Uza unga huo kama nyongeza ya chakula, usiuite dawa. Mfugaji akipoteza watoto wote wa sungura kwa kuamini neno lako, hatarudi kununua.