Chakula cha nyongeza na uzuri wa nyama ya kondoo



Huku Kabare na Walungu wengi wetu tunalisha kondoo majani tu, amefungwa kamba kando ya barabara ao katika pori. Hiyo siyo vibaya. Majani mabichi yanampa vitamini E, na hiyo njo inasaidia nyama ibakie nyekundu muda mrefu kwenye meza ya muuzaji. Pia yanaongeza omega-3, mafuta yenye kufaa kwa moyo wa mlaji.

Sasa shida iko wapi? Mwezi wa sita mpaka wa nane majani yanakauka. Mwana-kondoo hanenepi, anakawia, anachinjwa akiwa amekomaa sana. Nyama yake inakuwa ngumu na iko na harufu kali, zaidi kama ni dume asiyehasiwa. Harufu hiyo inakaa katika mafuta na inaongezeka na umri. Chakula cha nyongeza kinamfikisha kwenye kilo za kuuza angali mdogo.

Kuna faida nyingine. Misuli ya mnyama inaweka akiba ya sukari. Akisha kuchinjwa, sukari ile inageuka asidi, na asidi njo inaipa nyama rangi nzuri na kuifanya idumu. Kondoo mwenye njaa, aliyetembezwa mbali mpaka sokoni, amemaliza akiba. Nyama yake inakuwa nyeusi-nyeusi, inanata, inaoza haraka. Mnunuzi anafikiri alikuwa mgonjwa, anakata bei. Kumbe ni njaa na uchovu.

Namna ya kufanya

1. Anza wiki 6 mpaka 8 mbele ya kuuza. Majani yabaki chakula cha kwanza.

2. Mwana-kondoo wa kilo 15 mpaka 20 anatosheka na gramu 200 mpaka 300 kwa siku: pumba ya mahindi, maganda ya mihogo yaliyokauka vizuri, ao machicha ya pombe yaliyokaushwa. Anza na gramu 50, uongeze polepole kwa wiki 2. Nafaka nyingi mara moja inachachisha tumbo na inaweza kuua.

3. Ongeza majani yenye protini: majani ya viazi vitamu, kaliandra ao lusena. Lusena isipite sehemu moja kwa tatu ya chakula, juu iko na sumu inayong'oa manyoya.

4. Maji na chumvi kila siku. Chakula chenye ukungu, tupa.

5. Usizidishe mahindi. Mafuta yanakuwa mengi na laini, na wanunuzi hawayapendi.

6. Siku ya soko, afike mapema, anywe maji, apumzike mbele ya kuchinjwa.

Angalisho: usimpe kondoo chakula cha nguruwe ao cha kuku kilichonunuliwa dukani. Mara nyingi kimeongezwa madini ya shaba. Nguruwe anayavumilia, lakini kwa kondoo yanajilundika katika ini kidogo kidogo, halafu siku moja anakufa ghafula. Mfuko mmoja wa bei rahisi unaweza kumaliza kundi.

Kama uko na mashaka juu ya gharama, jaribu na wana-kondoo 2, wengine 2 wale majani tu. Pima kilo, andika kila franga uliyotoa, halafu leteni hesabu katika mkutano wa ushirika, tuzilinganishe pamoja.